Uzi: Juni 21, doa la jua kwenye sakafu ya marehemu babu. Wewe siku fupi kuliko zote unaiadhimishaje?

BintiNgamiani – Juni 6, saa 2 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Tanga mjini, Ngamiani, nyumbani kwa marehemu babu mzaa baba. Bandiko ni refu, mnivumilie, maana nina wiki mbili tu na nahitaji mawazo yenu.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya zamani. Baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa korido mlango wa mninga wa kutokea uani. Mlango huo unatazama kaskazini. Juu ya fremu kuna ubao, na kwenye ubao kuna tundu moja lililotobolewa kwa msumari wa moto. Ni dogo, penseli haipiti.

Babu alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Enzi hizo zile karatasi za nyakati za sala zinazobandikwa ukutani zilikuwa hazijaenea, na saa ya babu ilikuwa hiyo korido. Anafunga mlango wa mbele, anafunga wa nyuma, giza linaingia, kisha mwali mmoja unapenya tunduni na kuangusha doa sakafuni. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeusi. Amechora mstari mrefu kutoka mlangoni kuja ndani. Doa linatoka magharibi kwenda mashariki, polepole, na ukikodoa macho unaliona kabisa linatembea, karibu sentimita moja kwa dakika. Likigusa mstari, jua limefika katikati. Likishauvuka, adhuhuri imeingia. Babu anachukua kofia anatoka.

Tundu hilo linafanya kazi kama miezi saba ya mwaka tu. Kuanzia kama Machi 8 hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakuwa upande wetu wa kaskazini, ndipo linapoingia. Miezi ya kaskazi linahamia kusini na tundu linalala. Hapo babu alitumia kijiti cha kusimika barazani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ule mstari mrefu umekatwa na vistari vifupi vya kukingama, kila kimoja kwa tarehe yake, kwa sababu kadiri Juni inavyokaribia ndivyo doa linavyozidi kuingia ndani. Mwezi wa nne linaruka karibu sentimita moja na nusu kila siku. Mwezi wa tano linapunguza mwendo. Likifika Juni 20 au 21 linasimama kabisa. Hapo babu alichora mstari wa mwisho, mnene kuliko yote, na pembeni akaandika kwa herufi za Kiarabu maneno mawili: *jua larejea*. Nimepima kwa futi ya fundi. Tundu liko mita 2 kutoka chini, na mstari wa mwisho uko sentimita 109 kutoka mlangoni. (Kuna na kinukta kimoja kimejitenga, upande wa magharibi wa mstari mrefu, kama vidole viwili kutoka kwenye mstari. Sisi wote tulijua ni kasoro ya saruji.)

Siku hiyo tulipokuwa watoto hatukupewa chakula cha mchana mpaka doa liguse ule mstari. Bibi alishapika mihogo ya nazi na changu wa kukaanga, harufu imejaa korido, na sisi tumepanga miguu ukutani kimya. Babu anasema, "Haya, limefika. Kuanzia kesho linarudi." Basi, sinia linatua palepale sakafuni. Hakuna dua maalumu, hakuna wageni. Ni siku yetu tu. Hapa kwetu siku fupi kuliko zote ina saa 11 na dakika 50, na ile ndefu ya Desemba ina saa 12 na dakika 25. Tofauti ni dakika 35. Hakuna mtu sokoni atakayekwambia leo siku imekuwa fupi. Nisingeijua kama si lile doa.

Babu alifariki, bibi akafuata, na mimi nimeendelea peke yangu kila mwaka. Mwaka huu kuna harusi ya mdogo wetu mwezi wa saba. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayegharamia kila kitu na ninamheshimu sana, ameamua korido nzima ipigwe marumaru na mlango wa nyuma utolewe, uwekwe wa aluminiamu. Fundi anaanza Juni 24.

Nimesema, nimesikilizwa, nimeambiwa "dada, ni vistari tu." Naomba mnisaidie mambo mawili. Kuna namna ya kuiokoa ile alama? Na kuna mwingine yeyote mwenye siku hii nyumbani kwake? Nataka nijue sipo peke yangu.

---

Mwalimu wa Ramani – Juni 6, saa 3 usiku

Dada, nimesoma mara mbili kisha nikachukua kikokotoo. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Juni 21 jua linakuwa utosini kwa watu wa Tropiki ya Kansa, nyuzi 23.4 kaskazini. Kwa hiyo kwenu, saa sita mchana, jua limeinama kuelekea kaskazini nyuzi 28 na nusu kutoka utosini. Tundu likiwa mita 2 juu, doa linapaswa kuangukia sentimita 108.6 kutoka mlangoni. Babu yako ameandika 109. Msumari na macho tu! Nimefundisha jiografia miaka mingi, na sijawahi kuona kielelezo kizuri kama hicho.

Neno la vitabuni ni solistasi, na asili yake ya Kilatini ni hilohilo ulilosema wewe, jua kusimama. Siku kumi kabla ya Juni 21 doa lako lina upungufu wa sentimita 1.7 tu. Siku tatu kabla au siku tatu baada, tofauti haifiki milimita mbili.

Na hilo tundu la juu ya mlango limenikumbusha jambo. Ireland kuna kaburi la mawe linaitwa Newgrange, lina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Juu ya mlango wake waliacha kidirisha. Siku fupi kuliko zote ya kwao, karibu na Desemba 21, jua likichomoza mwali unapita kidirishani, unatambaa kwenye ushoroba wa mita 19 mpaka chumba cha ndani kabisa, unakaa kama dakika 17, unatoka. Wao jua la alfajiri, ninyi jua la adhuhuri. Ushoroba na korido.

Usikubali ipigwe marumaru kabla hujaipiga picha na kuipima yote.

---

Nahodha wa Pangani – Juni 7, alfajiri

Hujambo dada. Sisi wa baharini tunayo, ila hatukuipa jina. Mwezi huu kusi limekaza, vyombo vidogo vinapumzika. Mimi ngalawa yangu naipandisha ufukweni, nakalafati, napaka sifa upya, yale mafuta ya papa. Kila asubuhi nikifika pale nakaa kwenye gogo lilelile na kutazama jua linapotokea. Kuna minazi miwili. Desemba linatokea mbali mkono wa kulia, juu ya maji matupu. Linasogea, linasogea, Juni linafika nyuma ya mnazi wa kushoto, ule uliopinda. Likishafika pale halizidi. Asubuhi ya kwanza nikiliona limeanza kutoka kwenye ule mnazi kurudi kulia, nampelekea mama mzazi samaki wa kwanza nitakayepata, hata awe mdogo. Baba alifanya hivyo. Sijawahi kumwambia mtu kwa nini, na mama hajawahi kuuliza.

---

Ustaadh Makorora – Juni 7, baada ya isha

Dada yangu, assalaamu alaykum. Nimeanza kusoma nikiwa na wasiwasi, nakiri. Tumeonywa tusilitukuze jua, na kuna watu duniani wamelifanyia ibada siku hizo. Nilitaka kukunasihi.

Ila nilipofika kwa babu mwadhini nikatulia. Hiyo ni elimu ya nyakati, na ni ibada kuijua. Wanafunzi wangu huwa nawafundisha kwa kijiti kwamba alasiri inaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Sasa Tanga mwezi Juni hicho cha kuongeza si kidogo, ni zaidi ya nusu ya kijiti. Asiyejua hilo ataadhini alasiri kabla ya wakati. Mzee wako alikuwa anajua.

Na nikuongezee hili. Sisi watu wa Tanga tuko karibu kabisa chini ya Makka, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kikiinama mashariki kidogo mno. Jua la mchana la Juni linakuwa upande wa kibla. Na mara mbili kwa mwaka, Mei 28 na Julai 16, au siku moja kabla yake, jua linakuwa utosini mwa Al-Kaaba yenyewe. Kwa saa zetu ni saa 6 na dakika 18 mchana ile ya Mei, na saa 6 na dakika 27 ile ya Julai. Dakika hiyo, kivuli cha kijiti chochote kilichosimama wima kinakuonyesha kibla bila dira: kibla ni upande wa jua, kinyume cha kivuli. Jaribu hapo koridoni kwenu Julai, kama mlango utakuwapo.

---

BintiNgamiani – Juni 8

Wa alaykumu salaam Ustaadh, na shukrani kwa kunisoma hadi mwisho. Wasiwasi wako nauelewa. Babu mwenyewe alikuwa mkali wa hilo: doa likipita alikuwa anatuambia tuseme alhamdulillah, kwa yule aliyelipangia jua njia.

Nahodha, nimesoma ya mama yako nikalia kidogo.

---

Chumbageni mpaka Tromsø – Juni 9

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, nafanya kazi Norway, mji wa Tromsø, juu kabisa. Dada, wewe unaihangaikia dakika 35. Huku kwetu jua linaaga mwishoni mwa Novemba na haliji tena mpaka katikati ya Januari. Siyo kwamba ni giza totoro saa zote, mchana kuna mwanga wa buluu saa chache, theluji inang'aa kama imewashwa kwa ndani. Lakini jua lenyewe hakuna. Mwaka wa kwanza nilidhani naumwa. Nililala, nikaamka, nikalala.

Mwaka wa pili nikajitungia. Desemba 21 huku saa 4 na dakika 22 asubuhi, Tanga ni saa 6 na dakika 22 mchana, jua liko juu kabisa, na hiyo ndiyo siku yenu ndefu kuliko zote. Nawasha mshumaa dirishani, napiga simu kwa mama. Hatuongei. Mama anaiweka simu uani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mimi nasikiliza. Nasikia kunguru. Nasikia kanga kwenye kamba zinavyopigwa na kaskazi. Nasikia mtu anapita nje anauza karanga. Dakika kumi hivi. Kisha mama anarudi, anasema, "Umeota jua?" nami namjibu, "Nimeota, mama." Nazima mshumaa naenda kazini.

Kisha kama Januari 21 jua linachungulia juu ya vilima, na mji mzima unakula maandazi ya jamu yanayoitwa solboller, watu foleni mpaka nje. Nayala kwa furaha, ila siku yangu ni ile ya Desemba.

Hiyo sakafu usiiache. Mimi nina mama na simu tu, na siku mama akiondoka sitakuwa na kitu cha kushika. Wewe una mstari.

---

Mgosi wa Lushoto – Juni 9

Huku milimani siku hizo ni ukungu na makoti. Sisi nyumbani siku hiyo tunalala wote chumba kimoja, watoto kwa wazazi, jiko limezimwa na kutolewa nje kwanza kwa usalama. Ni hivyo tu. Watoto wanaisubiri kuliko sikukuu.

---

Mzee wa Kwanjeka – Juni 10

Wanangu, marahaba kwa walioamkia. Nimefurahi kuona vijana mnazungumza mambo haya. Nilipokuwa mdogo, huku pwani tulikuwa na Siku ya Mwaka. Si Juni 21, msichanganye, lakini ni ndugu yake, kwa kuwa nayo ilifuata jua na si mwezi. Wazee walihesabu mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36, halafu siku tano za kumalizia. Nairuzi ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Manahodha walijua kusi litakaza mwongo wa ngapi na litalegea mwongo wa ngapi, wakulima walijua lini wapande. Kwa vile hesabu ile haikuwa na siku ya ziada kila baada ya miaka minne, Nairuzi ilirudi nyuma kidogo kidogo. Siku hizi Makunduchi kule Unguja wanaifanya Julai, wanaita Mwaka Kogwa, wanaume wanachapana kwa mabua ya migomba wamalize kinyongo cha mwaka.

Nyumbani kwetu hatukuchapana. Mama aliamka kabla ya alfajiri, akazima moto wote wa mekoni, akamwaga na majivu. Tukaenda kuoga baharini gizani, maji baridi, meno yanagongana, kila mtu na ndoo yake ya kurudi nayo. Tukirudi ndipo unawashwa moto mpya, na uji wa pilipili manga unapikwa kwa moto huo. Nakumbuka mama alivyokuwa akipuliza lile kaa la kwanza, uso wake wote mwekundu. Leo nina miaka 70 na ushei na uso ule ndio ninaouona nikimkumbuka.

Binti, mwambie kaka yako mzee mmoja wa Kwanjeka anamsalimu na anamwomba.

---

Fundi Sakafu – Juni 10

Dada, nakuja kwenye swali lako la kwanza. Mimi kazi yangu ni hiyo.

Usikubali mtu akwambie "tutapiga marumaru halafu tuchore upya juu yake." Kigae na gundi yake vinainua sakafu kama sentimita moja na nusu. Sakafu ikipanda, tundu limekuwa chini zaidi kuhesabu kutoka sakafuni, na doa litaangukia nyuma ya mstari, karibu milimita 8 kuelekea mlangoni. Utakuwa umechora kitu kingine.

Fanya hivi. Mwombe fundi aache ukanda wa upana wa futi moja, kutoka mlangoni mpaka mita 1 na robo, mstari ukiwa katikati. Vigae vikatwe kwa grainda vinyooke, pembeni awekewe ukanda wa shaba ili kingo zisibanduke. Ule ukanda utakuwa chini kidogo kuliko vigae, kwa hiyo mtu anaweza kujikwaa. Dawa yake ni kuweka mkeka mwembamba unaolingana pale, unautoa ukitaka kuangalia. Maji ya kudekia yasiachwe yatuame. Kazi hiyo ni ya nusu siku tu. Kuhusu mlango, aluminiamu iwekwe ndani ya fremu ileile, ule ubao wa juu usiguswe. Hakuna ugumu.

---

BintiNgamiani – Juni 11

Fundi, Mungu akubariki. Nimemchapishia kaka bandiko lako pamoja na la Mzee wa Kwanjeka, nikamwekea mezani chini ya kikombe cha chai. Ameusoma ule wa mzee. Wa fundi ameukunja akatia mfukoni. Hajasema kitu.

---

BintiNgamiani – Juni 21, saa 9 alasiri

Wakuu, leo hakuna jua.

Tangu asubuhi kusi limeleta mawingu na manyunyu. Nilipika mihogo tangu saa tatu, nikafunga milango yote miwili, nikakaa chini. Mtoto wa kaka, ana miaka saba, akaja kukaa na mimi bila kuitwa. Saa 6 na dakika 25 korido ilikuwa giza tupu. Tumekaa mpaka saa saba. Mtoto akaniuliza, "Shangazi, limepotea?" Nikashindwa kumjibu. Fundi anakuja Jumanne. Chakula tumekula kimepoa.

---

Mwalimu wa Ramani – Juni 21

Dada, tafadhali rudi juu usome nilichoandika siku ya kwanza. Siku tatu baada, tofauti haifiki milimita mbili. Doa lenyewe ni pana kuliko hapo! Jua limesimama, linakungoja. Kesho na keshokutwa ni sawasawa na leo. Mwambie mtoto halijapotea, liko palepale nyuma ya wingu.

---

BintiNgamiani – Juni 22

Leo liliwaka saa sita na dakika kumi, likachora doa mbali upande wa magharibi. Tukashika pumzi. Dakika nane zikapita, wingu likafunga. Mtoto hakulia. Amesema, "Kesho."

---

BintiNgamiani – Juni 23, saa 8 mchana

LIMEFIKA.

Mbingu ilitakata tangu saa nne. Nilifunga milango saa sita kasoro. Mwanzoni huoni kitu, halafu macho yanazoea na unauona mwali wenyewe hewani, umejaa vumbi linalozunguka taratibu, na chini yake lile doa, refu kidogo kama yai la kwale, ukingoni lina wekundu. Mtoto alilala kifudifudi, kidevu sakafuni. Akaweka kidole njiani. Doa likampanda kwenye ukucha, ukucha ukawaka, likashuka upande wa pili. Akanong'ona, "Lina uvuguvugu."

Saa 6 na dakika 25 likakaa juu ya makutano ya mistari miwili. Pale pale. Mstari wa babu ukapita katikati ya doa kama uzi kwenye ushanga.

Sikumsikia kaka akiingia. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha bibi, viatu mkononi. Nilipomwona nikataka kusema, akaninyamazisha kwa mkono. Doa likavuka. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya babu kabisa, maana anafanana naye sauti, "Haya, limefika. Kuanzia kesho linarudi." Mtoto akasema alhamdulillah, nilikuwa nimemfundisha.

Tukala sakafuni, watatu. Kaka alikula kwa mkono, kimya, akachukua kichwa cha changu kama zamani. Alipomaliza akatoa mfukoni ile karatasi ya Fundi Sakafu, imeshachakaa kwa kukunjwa, akaniuliza hiyo shaba inauzwa wapi.

---

Chumbageni mpaka Tromsø – Juni 23

Nimesoma nikiwa kazini, nimetoka nje. Huku sasa hivi jua halizami hata usiku wa manane. Nimelitazama nikamsalimia babu yako.

---

Nahodha wa Pangani – Juni 26

Leo asubuhi bado liko nyuma ya mnazi wa kushoto. Nasubiri. Nitawaambia.

---

BintiNgamiani – Julai 16

Wakuu, samahani kwa kimya, harusi ilitumaliza. Imepita salama. Korido imepigwa marumaru nyeupe, na katikati yake upo ule ukanda mweusi wa futi moja wenye kingo za shaba. Wageni waliuliza, na aliyekuwa akiwaeleza ni kaka. Mkeka ameusuka jirani yetu kwa ukindu, unakaa kama umezaliwa pale.

Nimerudi kwa ajili ya Ustaadh Makorora. Nilikumbuka maneno yake, Julai 16, saa 6 na dakika 27, jua juu ya Al-Kaaba. Leo tumefunga milango, mimi na mtoto, simu mkononi kwa ajili ya saa. Mtoto ndiye mwenye futi siku hizi, haachii. Doa limesharudi nyuma, amepima sentimita 99 na nusu kutoka mlangoni. Tukangoja. Ilipogonga dakika ya 27, doa lilikuwa halijaufikia ule mstari mrefu. Lilibakiza upana wa vidole viwili.

Lilikuwa juu ya kile kinukta. Kile tulichokiita kasoro ya saruji. Nimekipitisha kidole, kina duara lililozungushwa kwa ncha ya msumari, dogo sana, ukilipapasa ndipo unalijua.